Magari Matatu, Nyambizi Moja na Posa ya Kenmore

Tangu turudi Louisville sijapata amani. Kazini kwenye ghala wananiuliza, kanisani wananiuliza, na juzi hata kinyozi alizima mashine nusu ya kichwa changu ikiwa bado, akasema upande wa pili hataugusa mpaka nimweleze ilikuwaje nikaenda Buffalo nikiwa msemaji wa ukoo na nikarudi nikiwa abiria. Maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema tulikamatwa na polisi. Wengine wanasema nililia mbele ya watu. Basi nimekaa chini nikaandika, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi asome mwenyewe.

Polisi hawakutukamata. Hilo la kulia tutalifikia.

Kwa wasiotufahamu: mimi ni Baba Neema. Kabla ya vita na kabla ya kambi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwenye milima ya Kivu ya Kusini, na ualimu haujanitoka ingawa sasa kazi yangu ni kupanga maboksi. Eliya ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Aliyemlea ni dada yangu mkubwa, Mama Sifa, ambaye alimbeba mpaka kambini na akamtoa kambini mpaka Okolona, mtaa wetu wa hapa Louisville. Eliya alikutana na Naomi kwenye mkutano wa vijana wa makanisa, wakapendana kwa simu miaka miwili, na mwezi wa pili ikawa zamu yetu kwenda kumwomba kwa mjomba aliyemlea, Mzee Ruben, anayekaa Kenmore, hapo juu kidogo ya Buffalo.

Shida ilikuwa huyo mzee. Msafara mmoja ulishawahi kwenda kwake kumwomba Naomi. Ulitakiwa ufike saa nane mchana, ukafika saa kumi. Mzee Ruben alifungua dirisha, akawasalimu vizuri, akawauliza habari za safari, akafunga dirisha. Mambo yakaishia hapo. Sisi nasi alitupa saa hiyo hiyo nane, siku ya Jumamosi, na tangu siku hiyo Eliya alikuwa hali vizuri. Kijana alikonda mpaka suti ya posa ikabidi irudishwe kwa fundi.

Jambo la pili lilikuwa kitabu. Mzee Ruben anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alipofika Amerika bila Kiingereza alipewa mzee mmoja wa kizungu, asiyeona, aliyekuwa zamani mwalimu wa historia. Kila alasiri alitakiwa amsomee, na kitabu kilikuwa kimoja tu, habari za nyambizi ya Wajerumani katika ile Vita Kuu ya Kwanza. Kiingereza chote cha Mzee Ruben kilitoka humo. Yule mzee alipofariki alimwachia kitabu, na mpaka leo harusini, msibani, hata kwenye foleni ya dukani, mjomba wa Naomi hamalizi mazungumzo bila kuigusa nyambizi yake. Naomi alimwambia Eliya kwamba anayetaka kuingia moyoni mwa mjomba apitie hapo.

Nilifurahi sana kusikia. Kwetu msemaji ndiye nusu ya posa. Wengine wanabeba vitu, yeye anabeba maneno, na wazee wa upande wa pili wanamjaribu, wanamzungusha, wanajifanya hawamjui. Nikaenda maktaba, nikakipata kitabu kinachoeleza nyambizi hiyo hiyo, nikakisoma wakati wa mapumziko kazini huku nikila mkate. Wiki tatu nzima.

Nyambizi yenyewe ilikuwa namba tisa. Ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule, injini yake ikila mafuta ya taa na kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Dira yake iliharibika, ikapotea njia baharini, halafu dhoruba ikaipiga ikajificha chini ya maji. Asubuhi ilipoinuka na kutoa lile jicho lake refu la kuchungulia, ikakuta manowari tatu kubwa za Waingereza zinakuja taratibu. Ikapiga ya kwanza. Ya pili ikasimama kuokoa watu, ikapigwa. Ya tatu iliyaona yote hayo, nayo ikasimama, ikapigwa. Muda uliopita haukutosha hata ibada yetu ya Jumapili kumaliza matangazo, na watu zaidi ya elfu moja walikwisha kufa. Baada ya hapo wakubwa wao wakatoa amri kwamba meli kubwa zisisimame tena kuisaidia iliyopigwa.

Hapo nikafunga kitabu. Kurasa zilibaki, lakini niliona somo limekwisha.

Okolona mpaka karibu na Cincinnati

Tuliondoka Ijumaa saa sita mchana, sisi wa zamu ya usiku tukiwa na usingizi wa kuibia. Tulikuwa watu kumi na mmoja katika magari matatu. Mbele nilikuwa mimi na Eliya, na wazee wawili wa kanisa waliolala kabla hatujatoka mjini. Katikati ilikuwa vani ya Deo, mpiga gitaa wetu, akiwa na waimbaji watatu. Vani hiyo Okolona nzima inaijua kwa sauti. Nyuma alikuja Mama Sifa na wanawake wawili, na humo ndimo zilimokuwa zawadi zote, vitenge, unga, masufuria ya chakula na blanketi nane.

Msafara wa posa haugawanyiki. Mnafika pamoja, mnasimama mlangoni pamoja, msemaji mbele na wanawake nyuma yake na vitu vyao. Hilo nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu miaka yote.

Kabla hatujafika Cincinnati vani ikaanza kutoa mvuke. Tukasimamisha magari yote matatu kando ya barabara kuu. Deo akafungua boneti, akaangalia ndani, akafunga, akafungua tena. Basi tukafanya tunachojua. Tukaizunguka ile vani, watu kumi na mmoja wenye suti na vitenge, tukainamisha vichwa tukaomba, na nyie mnajua mwimbaji akianza kuomba hamalizi upesi.

Tulipofumbua macho kulikuwa na mtu wa kumi na mbili. Lori kubwa lilikuwa limesimama nyuma yetu, na dereva wake, mzungu mwenye ndevu mpaka kifuani, alikuwa amevua kofia na kuinamisha kichwa pamoja na sisi. Akatushika mkono mmoja mmoja. Akasema pole. Akauliza kwa upole aliyefariki ni nani.

Deo akamwonyesha rejeta.

Yule bwana alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Kisha akaleta kibano na kipande cha bomba, akalala kwenye baridi chini ya vani, akafunga pale palipopasuka, akajaza maji. Tulipotaka kumshukuru kwa chochote alikataa, lakini mandazi ya Mama Sifa hakuyakataa. Alichukua sita. Nikaona anaweka la saba mfukoni.

Wenzangu walipanda magari wakiimba. Mimi nilikuwa nimekasirika. Saa mbili nzima tulikuwa tumesimama pale wakati gari lililoharibika lilikuwa moja.

Columbus: sombe na amri

Clintonville, mtaa wa Columbus, tulipokelewa na Mama Agnesi, rafiki wa Mama Sifa tangu kambini. Sitasimulia chakula chote kwa sababu wake zetu watasoma. Kulikuwa na bugali la kutosha kujengea ukuta, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, dagaa, na kuku aliyekatwa vipande vikubwa. Watoto wa Mama Agnesi walikuwa wanaagizwa kwa Kiswahili na wanajibu kwa Kiingereza, na kila mmoja alimwelewa mwenzake bila shida.

Tuliposhiba nikasimama. Niliwasimulia nyambizi tangu moshi mpaka amri, na kwa kweli niliisimulia vizuri. Hata wale wazee wawili waliamka.

Deo alikuwa analamba vidole. "Babu yangu alibebea Wabelgiji mizigo mu ile vita," akasema. "Kutoka kwetu mpaka Tabora, na miguu. Yeye hayiko mu kitabu."

Nikamwambia hilo si somo la leo. Somo la leo ni kwamba manowari tatu zilipotea kwa sababu ya kusimama, na sisi nasi tuna magari matatu, na Mzee Ruben anajua kitabu hiki kichwani, na saa nane na dakika moja dirisha litafunguliwa tusalimiwe. Kwa hiyo kesho ni amri. Gari likiharibika, wenyewe watajua, kila mtu ana simu. Wengine wanaendelea.

"Na ile vitu?" akauliza mwanamke mmoja. "Tukibaki sisi, mutaingia na nini?"

"Na maneno," nikajibu.

Walicheka. Mimi sikuwa natania.

Baadaye nilimkuta Mama Sifa jikoni akisugua sufuria ya mwenyeji wake, maana dada yangu hajawahi kula mahali akaacha vyombo.

"Ile bateau ya tatu ya Baingereza," akasema bila kugeuka, "mukubwa wayo alikuwa na roho muzuri."

"Yuko chini ya bahari na roho yake nzuri."

"Bon. Na ule mwenye hakusimama, jina yake iko mu kitabu?"

Nikamwambia hakukuwa na ambaye hakusimama. Ya kwanza ilipigwa, na zile mbili zilizobaki zote zilisimama.

"Njo vile," akasema, akaendelea kusugua.

Kando ya ziwa

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabarani. Mpaka Cleveland mambo yalikwenda vizuri, na amri yangu ilivunjwa mara moja tu, wanawake walipotaka msalani. Niliwapa dakika kumi. Nusu saa baadaye niliingia dukani kuwatafuta nikamkuta Mama Sifa ameshikana mikono na mama wa kizungu wa kwenye kaunta, akionyeshwa picha za wajukuu. Hawana lugha moja hawa wawili. Dada yangu ana maneno kama arobaini ya Kiingereza, lakini alitoka pale akijua mjukuu yupi ana pumu.

Baada ya hapo tukakutana na theluji ya ziwani. Sisi wa Louisville tunadhani tunajua theluji. Hii ilikuja kutoka kushoto, kutoka kwenye ziwa kubwa linaloambaa na barabara, ikaanguka kwa upande badala ya kutoka juu, na ndani ya dakika chache sikuona tena taa za Deo nyuma yangu. Nikaendelea polepole. Wazee walikuwa wamelala. Eliya alikuwa ameshika tai yake kwa mikono miwili.

Tulipopita mji wa Dunkirk simu ikalia. Mama Sifa.

"Deo ameteleza," akasema. "Vani iko mu mufereji. Batu beko muzima wote, hakuna mwenye ameumia. Sisi tunasimama."

"Usisimame!" nikamwambia. "Dada, usisimame. Deo ana simu, ataita gari la kuvuta. Ninyi mna vitu. Endelea."

"Nimeisha simama," akasema, akakata.

Nikapiga tena, simu imezimwa. Saa ilikuwa sita na nusu. Mbele yetu kulikuwa kama dakika arobaini na tano kukiwa hakuna theluji, na theluji ilikuwepo.

"Baba mudogo," Eliya akasema, "turudi."

"Tukirudi umemkosa Naomi."

"Shangazi iko mu theluji."

"Shangazi yako ana blanketi nane na kuku watatu wazima waliopikwa. Anaishi vizuri kuliko sisi."

Aligeukia dirisha, akabaki hivyo mpaka Kenmore. Mimi nilisema mengi. Nilimweleza kuhusu amri ya Waingereza, nikamweleza kuhusu wajibu wa msemaji, nikajieleza mwenyewe zaidi kuliko nilivyomweleza yeye, na kadiri nilivyozungumza ndivyo nilivyojisikia vibaya. Lakini mguu haukutoka kwenye mafuta. Hilo nalikiri.

Kenmore, saa nane kamili

Tulifika saa nane kasoro dakika ishirini. Nyumba ndogo ya matofali, ngazi zimefagiliwa theluji, harufu ya pilau inatoka mpaka barabarani. Tulikaa garini. Saa nane kasoro dakika moja tukasimama mlangoni, watu wanne na mikono mitupu, na saa nane mlango ukafunguka.

Mzee Ruben ni mfupi. Alivaa suti nyeusi, kofia ya sufu, na ndala. Nyuma yake sebule ilijaa watu wa kwao wameketi kwa mistari, na mbele yao kiti kimoja kitupu, kile cha msemaji wa wageni.

"Bon," akasema, akijifanya hatujui, kama desturi inavyotaka. "Ninyi ni nani? Hapa hatukuita fundi wa bomba."

Watu wa ndani wakacheka. Huo ulikuwa mpira wangu. Nikavuta pumzi, nikamwambia sisi ni mabaharia tuliotoka mbali, dira yetu ilipotea, dhoruba ikatupiga, na tulipoinua jicho juu ya maji tukaona nyota inang'aa juu ya nyumba hii. Nikaona macho yake yameamka. Nikaongeza. Nikaleta moshi wa mafuta ya taa, nikaleta manowari tatu. Nilikuwa naelea jamani, sitawadanganya, sijawahi kusema vizuri hivyo maishani mwangu. Nikafika kwenye amri ya kutosimama tena, nikaimaliza kwa mkono juu: na sisi, mzee wetu, kwa heshima ya saa yako, hatukusimama.

Mzee Ruben alingoja.

"Na kisha?" akauliza.

"Kisha nini, mzee?"

"Kisha mu kitabu. Kisha ya ile amri."

"Kitabu kinaishia hapo."

"Hapana," akasema taratibu. "Haiishie pale. Ulifika ukurasa gani?"

Mimi mwalimu. Mbele ya ukoo mzima, mbele ya Eliya, nikaulizwa nimefika ukurasa gani. Nikajibu kwamba sikumbuki.

"Na muko bangapi?"

"Wanne, mzee."

"Muliniambia kwa simu mutakuya kumi na moja. Bengine beko wapi?"

Msemaji mzuri ana majibu mia ya swali kama hilo. Wako kwenye gari. Wanapaki. Wanakuja na vitu vingi mno wanapumzika njiani. Yote yalikuja mdomoni, na yote yangepita, kwa sababu theluji ilikuwa mbaya na kila mtu aliiona. Lakini nyuma yangu nilimsikia Eliya anapumua kwa nguvu, na nikajua nikisema uongo kijana huyu ataoa, kisha hatanitazama tena usoni.

"Niliwaacha," nikasema. "Gari moja liliingia mferejini karibu na Dunkirk. Dada yangu akasimama kuwasaidia. Nilimkataza. Hakunisikia. Mimi nikaja."

Hakufunga mlango. Aliingia ndani, akarudi na kitabu ambacho jalada lake lilikuwa limeshikiliwa kwa utepe. Hakutafuta ukurasa. Kilifunguka chenyewe.

Akanieleza pale pale mlangoni, baridi ikiingia na hakuna aliyelalamika. Zile meli tatu zilipozama, watu wengi walikuwa bado majini. Ikaja meli ndogo ya mizigo ya Waholanzi, ambao hata vitani hawakuwemo. Nahodha wake aliona yale yote. Alijua kwamba kilichozipiga zile tatu kinaweza kuwa bado kipo chini yake. Akasimama. Akavuta watu mpaka sitaha ikajaa, akawapeleka nchi kavu.

"Mimi nilikuwa na huyu Naomi mugongoni," Mzee Ruben akasema. "Tulikuwa tunakimbia kutoka milima. Mama yake, dada yangu, nilikuwa nimeisha muzika. Camion, zile lori kubwa, zilipita. Nilikuwa nahesabu, kisha nikaacha kuhesabu. Halafu moja ikasimama. Chauffeur, ule mwenye kuiendesha, walimukataza kubeba batu, alituambia mwenyewe. Jina yake sikujua." Akafunga kitabu. "Ile siku nilisomea muzee wangu huu ukurasa nikashindwa kuendelea. Akaniuliza, Ruben, juu ya nini unanyamaza? Sikukuwa na Kiingereza ya kumujibu. Nikausoma tena. Kila siku alikuwa ananiambia niusome tena."

Sasa hapo, wapendwa, ndipo nililia. Wanaosema nililia wanasema kweli. Nililia kwa aibu, na machozi ya baridi ile yanauma mashavu. Wazee wawili wa kanisa walinishika kila mmoja upande wake, na hiyo ndiyo kazi pekee waliyoifanya safari nzima.

Mzee Ruben alikuwa ameshavaa buti.

"Donc," akasema, akichukua koleo la theluji nyuma ya mlango, "tunangojea nini?"

Dunkirk

Jambo hili kwetu halijawahi kufanyika. Upande wa msichana hautoki kwenda kuutafuta upande wa mvulana. Upande wa msichana unakaa, unakula karanga, unangoja kubembelezwa. Lakini yule mzee aliingia kwenye gari langu kiti cha mbele, koleo katikati ya magoti, na nyuma yetu yakaunganika magari mengine mawili ya watu wa kwao. Naomi alitakiwa awe amefichwa chumbani chini ya kitenge mpaka aitwe. Alitoka mbio na koti la mjomba wake, akajibana kiti cha nyuma kati ya Eliya na wazee, na hakuna aliyepata nguvu ya kumrudisha. Kwenye kioo nilimwona Eliya. Kwa mara ya kwanza tangu Louisville alikuwa anatabasamu, huku anafuta macho kwa tai.

Nilianza kuomba radhi. Mzee Ruben akaniambia niangalie barabara.

Tuliwakuta kwenye kituo cha mafuta, theluji ikiwa imepungua. Vani ilikuwa imeshavutwa, imesimama imeinama upande mmoja, na pembeni yake kulikuwa na trekta. Mwenye trekta, mkulima wa pale, alikuwa ameketi nyuma ya gari la Mama Sifa, mlango umeinuliwa juu, blanketi jipya la zawadi mabegani, sahani magotini. Alikuwa anakula bugali kwa mkono, na alikuwa anafinya tonge vizuri, inaonekana alishafundishwa. Deo alikuwa anapiga gitaa kwa glavu. Masufuria yote ya zawadi yalikuwa wazi. Kuku aliyeletewa Mzee Ruben alikuwa amebaki mabawa.

Mama Sifa, mwiko mkononi, alituona tukishuka. Aliniona mimi kwanza, kisha koleo, kisha yule mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, kisha Naomi bila kufunikwa, na akaelewa yote kwa pamoja. Nilijua anachowaza. Chakula cha posa kimeliwa na mtu wa trekta, saa imepita, mtoto aliyemlea kwa taabu yote ile amekosa mke, na aliyemkosesha ni yeye.

"Muzee," akasema kwa sauti ndogo, "tusamehe. Vitu tumeisha fungua. Huyu muntu alikuwa na baridi, na alitusaidia."

Mzee Ruben alikwenda mpaka kwenye sufuria, akachungulia, akachukua bawa moja, akala akiwa amesimama. Alikula lote. Akasafisha vidole kwa theluji. Watu wa kwao walikuwa wameshuka na kusimama upande mmoja wa pampu, wa kwetu upande wa pili, bila mtu kuwapanga.

"Bon," akasema. "Musemaji wenu ni nani?"

Watu wote walinitazama. Hotuba yangu ya wiki tatu bado ilikuwa na nusu nzima ambayo hakuna aliyeisikia, na ile nusu ndiyo ilikuwa tamu.

"Ni dada yangu," nikasema, na hapo ndipo nilipogeuka abiria.

Kwetu mwanamke hasemi posa. Nilisikia mmoja wa wazee wangu anakohoa. Mama Sifa alinitazama kama mtu aliyesukumwa majini, kisha akaweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasimama mbele ya yule mzee. Hakuwa na nyota, hakuwa na bahari.

"Tunakuya kuomba mutoto," akasema.

"Ni mutoto wa dada yangu," Mzee Ruben akasema. "Hana mwingine, niko mimi tu. Na Louisville ni mbali. Siku moja akianguka mu njia?"

"Tutasimama," Mama Sifa akajibu.

Mzee Ruben akamshika Naomi begani, akamsukuma taratibu upande wetu.